Tunatazama filamu za Kiingereza, lakini mazungumzo yanarudi kwenye Kiswahili: tunakosea wapi?

Dada Mhasibu, Dodoma

Shikamooni wakubwa, na habari za wakati huu kwa wote. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa.

Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo hapa Dodoma. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa wengi tuliopita shule za serikali Tanzania. Kusoma barua au ripoti ya Kiingereza hakunipi taabu, na kuandika naandika. Taabu ni kusema. Mgeni akiingia ofisini akaniuliza jambo dogo, maneno ninayoyafahamu vizuri kwenye karatasi hunipotea mdomoni, nami hubaki na kile Kiingereza cha kuombea maji ambacho hakimfikishi mtu mbali.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulikubaliana watu sita, wanawake wanne na wanaume wawili, tuwe tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni nyumbani kwa mmoja wetu. Tunatazama filamu au tunasikiliza nyimbo za Kiingereza kutoka nchi mbalimbali, halafu tunapaswa kuzungumza kwa Kiingereza kuhusu maisha na desturi tulizoziona. Filamu ikiisha kila mtu huwa na la kusema, kwa sababu tumeona harusi isiyofanana na zetu, au mke anayemwita mama mkwe wake kwa jina lake la kwanza, na jambo kama hilo haliwezi kupita kimya kimya miongoni mwa watu wa kwetu. Lakini hazipiti dakika tatu kabla hatujahamia kwenye Kiswahili, na Kiingereza hakirudi tena hadi tunapoagana. Tuliweka faini ya shilingi 500 kwa kila atakayesema Kiswahili. Matokeo yake yalikuwa ukimya: mwenzetu mmoja hakufungua kinywa kwa Jumamosi mbili mfululizo, na ya tatu hakuja.

Ninauliza: kosa letu liko wapi? Je, filamu tunazochagua hazifai? Maandishi yanayopita chini ya picha yawekwe au yaondolewe? Na nyimbo, je, kweli zinamfundisha mtu kusema, au zinatufurahisha tu? Ningeshukuru kama anayejibu angeeleza jambo alilolifanya au kuliona yeye mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Marahaba, binti yangu. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka 31, na nitaanza na ile faini, kwa sababu kwa maoni yangu kidonda kiko hapo. Wengi wa rika lenu, na wa rika letu pia, mmepita shule ambako mwanafunzi aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni au alichapwa, na wenzake wakamcheka. Sasa mmekuwa watu wazima, mmeunda kikundi kwa hiari yenu, na kibao kile kile mmekirudisha, safari hii kikiwa na bei ya shilingi 500. Anayeogopa kukosea hasemi, na asiyesema hawezi kujifunza kusema. Iondoeni faini hiyo Jumamosi hii hii, tena mwambieni mwenzenu aliyeacha kuja kwamba imeondolewa.

Jambo la pili ni muda. Mnatazama kwa saa mbili na kuzungumza kwa dakika tatu, kisha mnajiuliza kwa nini masikio yanapata mazoezi na ulimi haupati. Geuzeni hesabu hiyo. Chagueni kipande kimoja cha filamu, cha dakika nne au tano, ambacho watu wawili au watatu wanazungumza bila kelele za magari wala risasi. Mkitazame mara ya kwanza bila maandishi yoyote, kila mmoja akijaribu kukamata kisa tu. Mara ya pili wekeni maandishi, lakini yawe ya Kiingereza. Ya Kiswahili yataifanya akili isome na sikio lipumzike. Mara ya tatu ondoeni tena maandishi, na hapo mtashangaa kusikia maneno ambayo mara ya kwanza yaliwapita. Kazi hiyo yote haimalizi nusu saa, na saa moja na nusu inayobaki ni ya kuzungumza.

Niruhusuni nieleze kwa nini maneno huwapita, kwa sababu nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakijilaumu bure. Katika Kiswahili kila silabi hutamkwa kikamilifu, na mkazo karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo sikio letu limezoea kupewa kila kitu. Kiingereza hakifanyi hivyo. Mkazo wake huhama: katika neno "photograph" uko mwanzoni, katika "photography" umesogea kwenye silabi ya pili, na katika "photographic" umekwenda ya tatu. Silabi zisizo na mkazo humezwa, kiasi kwamba mtu aliyejifunza neno "comfortable" kwa kulisoma, akalihesabia silabi nne, hulisikia kwenye filamu likiwa na tatu na asitambue kuwa ni neno lile lile. Basi tunaposema kwamba Wazungu wanazungumza haraka, mara nyingi si haraka. Ni kwamba wanatamka nusu ya kile tulichokiona kitabuni. Dawa yake ni kusikiliza kipande kile kile mara nyingi na kukisema kwa sauti nyuma ya mwigizaji, mkimfuata hata pale anapopanda na kushuka.

Kuna jambo ambalo ninalisema kwa heshima, maana nalipenda. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, tukiwasikiliza watafsiri kama Lufufu, na ndugu zetu wa Kenya wakimsikiliza DJ Afro, watu wenye kipaji cha kuigeuza filamu ya Marekani au ya Hong Kong ikawa kama imetengenezwa mtaani kwetu. Sanaa hiyo imewapa raha watu wengi, lakini sauti ya mtafsiri hukaa juu ya sauti za waigizaji, na kwa hiyo mtu anaweza kuwa ametazama mamia ya filamu za Kiingereza bila sikio lake kukutana na Kiingereza chenyewe. Msishangae kujikuta mnaanza upya.

Kuhusu filamu zipi, ushauri wangu ni kwamba msianze na za mbali. Anzeni na Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyeinukia kuwa mchezaji wa sataranji. Kiingereza chake ni cha Uganda, silabi zake zinasikika, na maisha yenyewe mnayafahamu: mama mjane, kodi ya nyumba, mtoto anayeuza mahindi barabarani. Mtu hawezi kukosa la kusema kuhusu maisha ya namna hiyo. Baada ya hapo nendeni Afrika Kusini, kwenye Sarafina! ya mwaka 1992. Inawahusu wanafunzi wa Soweto na maandamano ya tarehe 16 Juni 1976, siku ambayo sasa tunaiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na chanzo cha maandamano yale kilikuwa watoto kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Waulize wenzako swali moja tu: je, lugha ya kufundishiwa ni jambo la kumfanya mwanafunzi aingie barabarani? Watu waliosoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitabu kimebadilika, wana majibu mazito ya swali hilo, na mtu mwenye jibu zito hulitafutia maneno.

Mwisho, msikifukuze Kiswahili kabisa. Baada ya kutazama, jipeni dakika kumi za kuzungumza kwa Kiswahili bila hatia yoyote, maana mawazo yetu mengi huja kwa lugha ya nyumbani. Katika dakika hizo kila mmoja aandike kwenye kijikaratasi maneno matano au sita ya Kiingereza atakayoyahitaji, akiulizia asiyoyajua. Kisha mhamie Kiingereza pamoja, kila mmoja akiwa na kijikaratasi chake mkononi. Nimelifanya hili na wanafunzi wa kidato cha pili kwa miaka mingi, na waliokuwa kimya kuliko wote ndio walionufaika zaidi.

Mpwani, Mombasa

Mwalimu amesema vyema, nami nitajibu lile la nyimbo, kwa kuwa hilo ndilo nililolipitia.

Nyimbo zinafundisha, lakini si zote, na hazifundishi kila kitu. Huku Kenya muziki wa kantri una wapenzi wengi mno, hasa wa bara, na redio zetu zimewapiga Jim Reeves, Don Williams na Dolly Parton tangu wazee wetu wakiwa vijana. Nilipokuwa nikijitahidi kuinyoosha lugha yangu kabla ya kuanza kazi hotelini, muziki huo ulinisaidia kuliko mwingine wowote, kwa sababu waimbaji wake hutamka pole pole na nyimbo zao husimulia visa vyenye mwanzo na mwisho. Kuna wimbo wa Dolly Parton wa mwaka 1971 uitwao "Coat of Many Colors". Parton alizaliwa Tennessee katika familia ya watoto 12, na katika wimbo huo anasimulia jinsi mama yake alivyomshonea koti kwa vipande vya vitambaa, akimweleza kisa cha Yusufu wa kwenye Biblia huku akishona, kisha watoto wenzake wakamcheka shuleni. Karibu kila kitenzi chake ni cha wakati uliopita. Sisi tulikuwa tunausikiliza, kisha kila mmoja anasimulia nguo moja ya utotoni mwake: ilitoka wapi, nani aliishona, ilisemwa nini juu yake. Mwenzetu mmoja alisimulia sare yake ya shule iliyokatwa kutoka katika kanzu ya babu yake, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa darasani.

Kinachotakiwa ni kujihadhari na sarufi ya nyimbo. Watu wengi huku kwetu wanaamini kwamba "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, iliyotoka mwaka 1974, maana yake ni kwamba pasipo mwanamke hapana kilio. Sivyo. Katika lahaja ya Jamaika ile "no" ya pili inafanya kazi ya "usi" yetu, na mwimbaji anamfariji mwanamke akimwambia asilie. Maana mbili hizo ni kama mashariki na magharibi. Vivyo hivyo mtakutana na "ain't" na "she don't" katika nyimbo za Marekani. Si makosa kwa wenyewe wanaozisema, ni Kiingereza chao cha nyumbani, lakini mtu akiziandika katika barua ya kuomba kazi atajiumiza. Kwa hiyo mnaposikiliza wimbo, jiulizeni ni Kiingereza cha nani na kinatumika wapi. Hata swali hilo peke yake linatosha kuwa mada ya jioni nzima.

Jambo moja sikubaliani sana na Mwalimu, nalo ni zile dakika kumi za Kiswahili. Katika kikundi chetu dakika kumi zilikuwa zinageuka arubaini. Afadhali ziwe tano, na mtu mmoja ashike saa.

Bint Unguja, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, ninaishi Oman, na katika ofisi ninayofanyia kazi wamo Waomani, Wahindi, Wapakistani na Wafilipino. Kiingereza ndiyo lugha inayotuunganisha, na hapana hata mmoja kati yetu anayekisema kama mtu wa London. Natamani ndugu zangu wa nyumbani walijue hili mapema, kwa sababu wengi huchelewa kusema wakisubiri matamshi yao yafanane na ya Waingereza.

Kuhusu nyimbo, nina ushahidi wa upande wa pili. Bibi yangu na wenziwe walikuwa wapenzi wakubwa wa picha za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa katika majumba ya sinema ya Mji Mkongwe. Waliziimba nyimbo zake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzuri na bila kukosea neno, na kisa cha kila picha walikijua. Lakini lau Mhindi angemuuliza mmoja wao njia ya kwenda Darajani kwa Kihindi, asingepata jibu. Hawakuwa na haja ya kukisema Kihindi, na hakuna aliyeketi nao kukizungumza. Wimbo ulibaki kuwa wimbo. Kwa hivyo, Dada Mhasibu, swali lako kama nyimbo zinafundisha kusema nalijibu hivi: hazimfundishi mtu anayeishia kuimba.

Mimi kilichonifungua ulimi ni kuulizwa mambo ya kwetu. Siku moja nilikuja kazini na mkoba ulioshonwa kwa kitambaa cha kanga, na mwenzangu wa Kifilipino akaniuliza yale maandishi yanasema nini. Yalikuwa "Mchele mmoja, mapishi mbali mbali." Kuyafasiri neno kwa neno ilikuwa kazi ya sekunde tano, na hakufahamu chochote. Ikabidi nimueleze kwamba kanga husema kwa niaba ya anayeivaa, kwamba mwanamke anaweza kumjibu jirani yake kwa kanga bila kufungua mdomo, na kwamba msemo huu waweza kuwa sifa ya mpishi au ukawa kijembe, inategemea nani kamvalia nani. Nilitumia robo saa, nikakwama mara nyingi, na kila nilipokwama yeye alinisaidia kwa sababu alikuwa anataka kujua mwisho wake. Sijapata somo la Kiingereza lililo bora kuliko lile.

Kwa hiyo nashauri mkishaiona desturi ya watu kwenye filamu, msiishie kuijadili ya kwao. Mmoja ajifanye mgeni asiyejua lolote, awaulize ya kwenu: posa inapelekwaje, kwa nini mtu akipita mnakula mnamwambia karibu, mjomba na ami wana tofauti gani wakati Kiingereza kinawaita wote "uncle". Kuwaeleza wageni mambo yetu ndiko tutakakohitaji Kiingereza zaidi.

Na jambo dogo la adabu. Kwetu "naomba maji" ni ombi la heshima kamili, adabu yote imo ndani ya "naomba". Mtu akiligeuza kuwa "I want water" amekuwa kama anaamuru, na akisema "I beg" ataonekana ana dhiki. Mwingereza huiweka adabu kwenye swali, "Could I have some water, please?", na hilo halionekani kwenye kamusi, linaonekana kwenye filamu. Wekeni kazi ya kuhesabu ni mara ngapi katika kipande kimoja mtu ameomba kitu kwa njia ya swali.

Dada Mhasibu, Dodoma

Nawashukuru sana, Mwalimu, kaka wa Mombasa na dada yangu wa Muscat. Faini nimeifuta leo kwa ujumbe kwenye kundi letu la simu, na yule mwenzetu amejibu kwamba atakuja. Tutaanza na kipande cha Queen of Katwe, nimeshakiweka kwenye flashi ili tusitegemee bando. Nitarudi kuwapa taarifa.

Mtu wa Bukavu, Ohio

Salamu kutoka Marekani. Mimi nilifika hapa kama mkimbizi pamoja na familia, tukitokea Kongo na kupitia kambini, na Kifaransa changu hakikunisaidia kitu. Darasa la Kiingereza lilinisaidia kwa kusoma na kuandika. Kusema nilijifunzia kanisani, na ninataka kuwaeleza namna, kwa kuwa sijaona mtu ameitaja.

Kila mkristo wa kwetu anaujua wimbo "Yesu kwetu ni rafiki". Ninaujua tangu utoto, kila ubeti, na maana yake iko moyoni. Nilipousikia hapa kwa Kiingereza, "What a Friend We Have in Jesus", ambao maneno yake Joseph Scriven aliyaandika mwaka 1855, sikuhitaji kamusi wala mkalimani. Maana ilikuwa ndani yangu tayari, na kazi ya sikio ilikuwa kuchukua sauti tu. Nikaanza kutafuta nyimbo zote ninazozijua kwa Kiswahili ambazo asili yake ni Kiingereza, nikizisoma beti kwa beti kwa lugha mbili. Wasio wakristo wanaweza kufanya hivyo hivyo kwa hadithi wanazozijua tangu utotoni. Lugha ya nyimbo hizo ni ya zamani, hilo ni kweli, na mtu asiende dukani akazungumza kama kitabu cha nyimbo. Lakini sauti za lugha zinakaa mdomoni, na uoga unapungua kwa sababu unaimba pamoja na watu mia moja.

Baada ya ibada huwa kuna kahawa, na hapo ndipo nilipojifunza desturi kwa uchungu kidogo. Mtu akiniuliza "How are you?" nilikuwa ninamjibu kama kwetu: mimi sijambo, mke alikuwa na homa lakini amepata nafuu, watoto wanasoma, nawe je, na nyumbani je. Nilimwona anatazama pembeni. Nilifikiri hanipendi. Miezi mingi ilipita kabla mama mmoja mzee wa kanisa hilo hajanieleza kwamba swali lile ni salamu tu na jibu lake ni fupi, na kwamba mtu akitaka habari za mke wangu ataniuliza kwa jina lake. Yeye naye hakujua kwamba kwetu kumsalimia mtu kwa neno moja na kupita ni kama kumdharau. Tulizungumza jambo hilo kwa saa nzima, naye tangu siku ile ananiuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, kama mtu wa Bukavu.

Kuna neno moja ambalo hadi leo sijapata la kuliweka mahali pake, nalo ni "pole". Mtu akijikwaa ninasema "sorry", naye ananijibu kwamba si kosa langu. Mjadili hilo katika kikundi chenu: mnamwambiaje kwa Kiingereza mtu aliyefiwa, aliyechoka na kazi, aliyedondosha kikombe? Mtaona kwamba Kiingereza kina maneno tofauti kwa kila hali, na baadhi ya hali hakina neno, watu hunyamaza tu.

Na kwa wanaotazama filamu za Marekani: msikilize wanavyouliza "Did you eat?" pale ambapo sisi tungesema "Umekula?" Shuleni tulifundishwa kwamba "me" yetu ni "have", na Waingereza wengi husema hivyo, "Have you eaten?" Wamarekani mara nyingi hutumia wakati uliopita, na wote wawili wako sawa.

Dada Mhasibu, Dodoma

Nimerudi kama nilivyoahidi. Jumamosi tulikuwa wote sita. Tulitazama kipande cha dakika tano, mara tatu kama Mwalimu alivyoelekeza, tukaongea Kiswahili kwa dakika saba (mwenye saa alitukatiza, kaka wa Mombasa alikuwa na haki), kisha tukahamia Kiingereza na vijikaratasi vyetu. Tulizungumza kwa dakika hamsini. Haijawahi kutokea.

Lililonigusa ni yule mwenzetu aliyekuwa ameacha kuja. Mama yake aliwasomesha watoto wanne kwa kuuza vitumbua, na alipoona maisha ya yule mama wa Katwe alianza kusimulia habari za mama yake bila kuombwa. Alisema sentensi nyingi mfululizo. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho alimwita mama yake "he", na akasema "he wakes up at ten o'clock to cook". Sisi sote tulielewa kwamba ni saa kumi ya alfajiri na moto wa kuni. Nilijiuliza mgeni angeelewa nini: mwanamume mmoja anayelala hadi saa nne asubuhi. Sikumsahihisha, kwa sababu macho yake yalikuwa yanang'aa na niliogopa kumrudisha kwenye ukimya wake. Je, nilifanya vibaya? Na makosa ya namna hiyo yarekebishwe lini na vipi?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Hukufanya vibaya hata kidogo, binti yangu. Anayesimulia habari za mama yake hakatizwi kwa ajili ya kiwakilishi.

Makosa hayo mawili si ya mwenzenu peke yake, ni ya lugha yetu. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na ulimi uliokua na "yeye" mmoja hauwezi kugawanyika kwa siku moja. Nimewasikia watu wenye shahada za juu wakiteleza papo hapo. Saa nazo sisi tunazihesabu tangu jua linapochomoza na linapotua, wao wanahesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa sita kila mara. Kila mwanakikundi afanye zoezi la kueleza siku yake yote kwa saa za Kiingereza, kuanzia kuamka hadi kulala, kisha aeleze siku ya mtu mmoja wa kike na mmoja wa kiume wa nyumbani kwake.

Kuhusu namna ya kurekebisha: wakati wa mazungumzo mmoja wenu awe na daftari na aandike sentensi zilizopinda, bila majina ya waliozisema. Zikibaki dakika kumi, asome tatu tu, zisizidi, na kikundi kizima kizinyooshe pamoja. Aliyesema atajijua, na wengine watajua kwamba nao wangeweza kuisema vivyo hivyo. Halafu Jumamosi ijayo mwombeni mwenzenu asimulie tena habari za mama yake, akianzia pale alipoamka alfajiri na kuwasha moto, safari hii akimweleza mtu ambaye hajawahi kuona kitumbua.